Kufunga riakta ya kupunguza mkondo wa shoti kwenye kituo cha kilovolti 11

Shoti ikitokea, mkondo unaopita hauulizi wateja wanatumia kiasi gani. Unapangwa na vitu viwili: nguvu ya gridi iliyo nyuma ya kituo, na vizuizi vilivyo njiani mpaka mahali penye hitilafu. Kwa miaka mingi Kanda ya Kati ya Tanzania ilipata umeme kwa laini ndefu ya kilovolti 220 iliyotoka Iringa, ikapita Mtera na kufika kituo cha Zuzu, Dodoma. Urefu huo ulikuwa kizuizi bila mtu kuupangia kazi hiyo, na shoti ya Dodoma ilikuwa shoti hafifu. Sasa njia ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, imejengwa. Bwawa la Julius Nyerere nalo lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Umeme ukiwa mwingi na njia zikiwa nene kila mtu anafurahi, isipokuwa breka za zamani. Breka iliyonunuliwa kukata kiloampea 12.5 haijui kwamba gridi imekua. Itajua siku ya shoti.

Riakta ya kupunguza mkondo ni dawa mojawapo. Ni koili ya alumini au shaba inayofungwa mfululizo na laini, haina kiini cha chuma, haina mafuta, haina kitu kinachosogea. Kwa nini isiwe na chuma? Kwa sababu chuma hushiba sumaku mkondo ukipanda sana, na kikishashiba koili inapoteza uwezo wake wa kuzuia saa ileile unapouhitaji. Hewa haishibi. Na kwa nini isiwe rezista? Chukua omu 0.232, ambayo tutaifikia kwenye hesabu hapa chini, na mkondo wa kawaida wa ampea 400: rezista tatu za kiasi hicho zingegeuza kilowati 111 kuwa joto, usiku na mchana. Riakta ya omu zilezile, ikiwa riaktansi yake (kizuizi cha koili kwa mkondo unaobadilika, kisichogeuza umeme kuwa joto) ni mara 50 ya ukinzani wa waya wake, hupoteza kilowati 2 na kidogo.

Kwanza hakikisha unaihitaji

Usianze na katalogi. Anza kwa kuiandikia TANESCO, shirika la umeme, kuomba kiwango cha shoti kwenye basiba (kondakta kuu ambako laini za kituo hukutana) ya kilovolti 33 inayokulisha, cha juu na cha chini, cha sasa na kile kinachotarajiwa gridi ikipanuka. Mafundi wengi huomba namba moja tu, ya leo, halafu wananunua vifaa vya kukaa miaka 30.

Tuchukue kituo cha kupoza umeme chenye transfoma mbili za MVA (megavolti-ampea) 15, kilovolti 33 kwa 11, impidensi (kizuizi chake chote) asilimia 10 kila moja, zikiwa sambamba kwenye basiba moja. Kila transfoma peke yake inaruhusu shoti ya 15 ÷ 0.10 = MVA 150, kwa hiyo mbili ni MVA 300. Kama gridi upande wa kilovolti 33 inaruhusu shoti ya MVA 600, jumla ni (600 × 300) ÷ (600 + 300) = MVA 200. Gawanya kwa (1.732 × 11) upate kiloampea 10.5. Paneli (makabati ya breka) za kiloampea 12.5 zinatosha. Sasa gridi ikue, ifike MVA 2,000: jumla inakuwa MVA 261, yaani kiloampea 13.7. Paneli zilezile, transfoma zilezile, hakuna aliyegusa kitu ndani ya uzio, na tayari breka haitoshi.

Kwa usanifu, chukulia gridi haina kizuizi chochote. Hapo shoti ni MVA 300 kamili, kiloampea 15.75. Hesabu rasmi ya IEC 60909, kiwango cha kimataifa cha hesabu za shoti, inazidisha pia kwa kigezo cha volteji cha 1.1 unapotafuta shoti ya juu kabisa, kwa hiyo usipange kufika kwenye kikomo cha paneli. Acha nafasi ya hiyo asilimia 10. Kama kuna viwanda vyenye mota kubwa jirani na kituo, nazo huchangia mkondo kwa muda mfupi wa mwanzo wa shoti.

Kabla hujatumia shilingi, jaribu dawa ya bure: fungua breka ya kati ya basiba, kila transfoma ilishe upande wake. Shoti inashuka mpaka kiloampea 7.9 papo hapo. Hasara yake ni kwamba transfoma moja ikitoka, upande wake unazimika mpaka breka ya kati ifungwe, kwa mkono au kwa mfumo wa kuhamisha wa kujiendesha. Kwa eneo la makazi, kuzimika huko kwa sekunde chache si msiba. Kwa hospitali au pampu za maji ni habari nyingine. Vituo vingi vinavyoomba riakta vingemaliza tatizo kwa mfumo wa kuhamisha uliopangwa vizuri.

Iwekwe wapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Riakta inalinda kilicho mbele yake tu. Ukiiweka kwenye fida (laini inayotoka kituoni kwenda kwa wateja), baada ya breka ya fida, shoti inayotokea kwenye basiba yenyewe au kwenye kebo kati ya breka na riakta bado ni kiloampea 15.75. Kwa hiyo kama kilicho dhaifu ni paneli za kituo, riakta ya fida haisaidii paneli hizo kwa shoti ya ndani. Inasaidia kebo, swichi za mtaani na paneli za wateja walio mbele. Ukiona mpango unaosema riakta za fida zitaokoa paneli za kituo, rudisha mpango huo mezani.

Paneli za kituo zikiwa ndizo dhaifu, mahali pake ni katikati ya basiba, baina ya upande A na upande B. Shoti ikitokea upande A, transfoma ya A inatoa kiloampea 7.87 zake, na ya B lazima ipite kwenye riakta kwanza. Tukitaka jumla isizidi 11.25 (12.5 ukiacha ile asilimia 10), B iruhusiwe 3.38. Volteji ya fezi ni 11,000 ÷ 1.732 = volti 6,351. Gawa kwa ampea 3,380: omu 1.88. Toa omu 0.807 za transfoma ya B yenyewe, inabaki omu 1.07, yaani milihenri 3.4.

Uzuri wa mahali hapa ni kwamba siku za kawaida mkondo unaopita katikati ni mdogo, kila transfoma ikiwa na mzigo wake. Ubaya unaonekana transfoma moja ikitoka. Mzigo wa MVA 8, ampea 420, ukivuka omu 1.07 kwa pawa fakta (sehemu ya umeme inayofanya kazi halisi) ya 0.85 unapunguza volteji kwa karibu asilimia 3.7, na wateja wa mwisho wa laini watapiga simu. Ndiyo maana riakta ya katikati ifungwe pamoja na swichi ya baipasi. Transfoma moja ikiwa nje, shoti ya kituo kizima ni 7.87 tu, riakta haina kazi tena, ifungiwe njia ya kando. Weka intaloki, yaani kufuli la usalama: baipasi isikubali kufungwa mpaka breka ya transfoma mojawapo iwe wazi. Bila intaloki kuna siku zamu ya usiku itasahau, na paneli zitarudi kwenye kiloampea 15.75 bila taa yoyote kuwaka.

Hesabu ya riakta ya fida

Sasa tuseme paneli za kituo ni za kiloampea 20, hazina shida, ila mbele ya fida moja kuna swichi za kiloampea 12.5. Tunataka shoti ya fida hiyo ishuke hadi kiloampea 10, na ukizidisha 1.1 unapata 11, bado chini ya 12.5.

Impidensi ya chanzo: 11² ÷ 300 = omu 0.403.
Impidensi inayotakiwa kwa kiloampea 10: 6.351 ÷ 10 = omu 0.635.
Riakta: 0.635 − 0.403 = omu 0.232.
Indaktansi: 0.232 ÷ 314.16 (yaani 2π × hezi 50) = milihenri 0.74 kwa kila fezi.

Kisha pima gharama yake upande wa mzigo. Fida ikibeba ampea 400, volteji juu ya koili ni volti 93, asilimia 1.5 ya volteji ya fezi. Lakini volteji hiyo imekaa pembeni ya mkondo kwa nyuzi 90, kwa hiyo mteja mwenye pawa fakta ya 0.85 anapoteza karibu nusu yake tu, asilimia 0.8. Mteja mwenye pawa fakta mbovu, au mota inayoanza, anapoteza karibu yote. Riakta inakula pia kilovari 111 (umeme wa sumaku usiofanya kazi halisi) kwenye mkondo huo, nazo zinatoka kwa transfoma.

Kuna faida moja ambayo watu husahau kuihesabu. Shoti ikitokea mita chache mbele ya riakta, kiloampea 10 zinazopita kwenye omu 0.232 zinabakiza volti 2,320 juu ya koili, yaani karibu asilimia 37 ya volteji inabaki kwenye basiba. Bila riakta ingekuwa karibu na sifuri. Fida nyingine zinaona taa zikififia kwa sehemu ya sekunde badala ya kontakta (swichi za sumaku za mota) kuachia.

Sasa angalia mwisho wa laini. Kilomita 10 za laini ya angani, kwa omu 0.35 kila kilomita, zina omu 3.5 za riaktansi. Ukiacha ukinzani wa waya pembeni, shoti ya huko ilikuwa ampea 1,630 na sasa ni 1,540. Riakta inang'ata shoti za karibu na kuziacha za mbali karibu kama zilivyokuwa, na ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo rudia mpangilio wa rilei (vifaa vinavyoamuru breka ikate) zote za fida hiyo na ya kuingilia: hatua ya kukata papo hapo iliyowekwa kwa mkondo wa zamani inaweza isifikiwe tena.

Cha kuandika kwenye oda

Taja IEC 60076-6 kama kiwango cha kufuata. Andika riaktansi kwa kila fezi na uvumilivu unaoukubali, mkondo wa kudumu (usiweke 400 kama mzigo utakua, weka 630), mkondo wa shoti wa kiloampea 12.5 kwa sekunde 3 ulingane na swichi za mbele ya fida, na kilele cha mkondo. Kwenye mifumo ya kawaida ya hezi 50 kilele huhesabiwa mara 2.5 ya mkondo, lakini riakta inaongeza uwiano wa riaktansi kwa ukinzani, kwa hiyo omba mara 2.7: kiloampea 34. Nguvu zinazosukumana kati ya koili hufuata mraba wa mkondo, na ni kilele hicho kinachovunja vikombe, yaani vihami vya kauri vinavyoshikilia koili.

Mwinuko usisahauliwe. Vifaa vingi husanifiwa kwa maeneo yasiyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Dodoma mjini ni karibu mita 1,120 na Singida mjini karibu 1,500. Hewa nyembamba haizuii umeme vizuri kama hewa nzito, wala haipozi vizuri. Kigezo cha kuongeza uwezo wa kuhimili radi ni asilimia 1.5 tu kwa Dodoma lakini 6 kwa Singida. Pigo la radi la kilovolti 75, ambalo ndilo la kawaida kwa daraja la kilovolti 12, linakuwa 76 na 80. Omba vikombe vya 95 na umalize mjadala. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko barua utakazoandikiana na msambazaji. Omba pia rangi ya kuzuia jua kali, na wavu usio wa chuma wa kuzuia ndege juu ya koili.

Msingi, mahali kazi inapoharibikia

Riakta yenyewe ni waya uliozungushwa. Mara nyingi kinachoiharibia kazi ni chuma kilichoizunguka. Uga wa sumaku wa koili isiyo na kiini haukai ndani ya koili; unasambaa juu, chini na pembeni. Kila pete ya chuma iliyofungwa iliyo ndani ya uga huo ni kama upande wa pili wa transfoma uliopigwa shoti: mkondo unazunguka ndani yake, pete inachemka, na siku ya shoti halisi inavutwa au kusukumwa. Nondo zinazochemka ndani ya zege hupasua zege polepole, na hakuna rilei itakayokuambia.

Michoro ya mtengenezaji huonyesha duara mbili za kuzuia chuma. Ikiwa haijafika na unapanga kiwanja, anza na makadirio haya: vipande vya chuma visivyofunga pete viwe nje ya nusu ya kipenyo cha koili kutoka kwenye uso wake, na pete zilizofungwa ziwe nje ya kipenyo kizima. Koili ya mita 1.2 ina maana ya sentimita 60 na mita 1.2. Mchoro ukifika, ndio unaotawala.

Kwenye msingi wenyewe, mafundi wa zege watafunga nondo kama walivyozoea: wavu, ringi zilizofungwa, na waya wa kufungia kwenye kila makutano. Kila jicho la wavu huo ni pete. Kaa nao kabla hawajaanza, si baada ya kumwaga. Fanya hivi:

1. Pale zinapopishana nondo, vika moja kipande cha mpira wa maji cha sentimita 10 kilichopasuliwa kwa urefu, kisha funga kwa kamba za plastiki. Waya wa kufungia usiingie kabisa eneo hilo.
2. Ringi zisifungwe. Ncha zake zipishane kwa urefu unaotakiwa na mhandisi wa majengo, mpira ukiwa kati yake.
3. Bolti za msingi ziwe za chuma cha pua kisicho na sumaku, na zisiguse wala kuchomelewa kwenye nondo.
4. Kabla ya zege, chukua multimita na ugonge kila makutano: nondo za urefu dhidi ya za upana. Sauti ikilia popote, tafuta mahali zinapogusana. Kazi hii inachukua saa mbili. Kuvunja zege kunachukua wiki.
5. Wakati wa kumwaga, simamia mashine ya kutetemesha zege. Ndiyo inayosogeza mipira.

Kama bajeti inaruhusu, nondo za nyuzi za kioo kwenye sehemu ya juu ya msingi zinaondoa usumbufu wote huu.

Waya wa ethi nao una kanuni yake. Usiuzungushe riakta kama unavyozungusha transfoma. Kila kitako kitoke na waya wake mmoja kwenda kwenye mtandao wa ethi, kama miguu ya nyota, bila ncha mbili kukutana tena upande wa pili. Uzio wa senyenge ulio ndani ya eneo la uga ukatwe kwa nguzo za mbao au za nyuzi za kioo ili usifunge duara, na kila kipande kiwe na ethi yake, sehemu moja tu. Geti la chuma lenye fremu ni pete kamili. Lipeleke upande wa mbali.

Urefu wa vitako: kama watu wanaweza kupita chini bila uzio wa ndani, sehemu ya chini kabisa ya vikombe iwe angalau mita 2.25 kutoka ardhini. Kwa uga wenyewe, miongozo ya 2010 ya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa hezi 50 ni mikrotesla 200 kwa umma na 1,000 kwa wafanyakazi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiingie ndani ya uzio wa riakta, hata kama hajisikii kitu.

Kusimamisha koili

Koili tatu zaweza kukaa bega kwa bega au kupangwa moja juu ya nyingine. Kiwanja kikiwa kidogo watu huchagua mnara. Kwenye mnara, koili ya katikati husukwa kwa mwelekeo wa kinyume na zile mbili, ili wakati wa shoti nguvu zivute koili pamoja na kuvibana vikombe badala ya kuvivuta. Kikombe cha kauri hubeba mgandamizo mkubwa lakini hukatika kirahisi kikivutwa. Kwa hiyo soma alama kwenye kila koili: ya chini, ya kati, ya juu. Ukibadilishana nafasi zake, mnara utasimama vizuri, utabeba mzigo vizuri, na utaruka siku ya kwanza ya shoti kubwa.

Nyanyua kwa mikanda, kwa kutumia pointi za kunyanyulia tu. Mnyororo ukipita ndani ya koili unakwaruza rangi ya insulesheni, na mkwaruzo huo ndio mwanzo wa shoti ya mzunguko kwa mzunguko miaka mitatu baadaye. Kwenye vituo vya kuunganishia, sugua alumini kwa brashi ya waya ya chuma cha pua, paka grisi ya viungio mara moja kabla oksaidi haijarudi, na kama lagi ya kebo ni ya shaba weka washa ya metali mbili katikati. Bolti ziwe za chuma cha pua kisicho na sumaku na washa za springi, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kufuata kipimo cha mchoro. Bolti ya kawaida ya mabati huchemka yenyewe kwenye uga huu, na fundi anayesoma kamera ya joto atadhani kiungio kimelegea.

Nyaya za kuingia na kutoka ziondoke kuelekea nje, moja kwa moja, bila kukatiza juu ya uso wa koili, na zishikwe karibu na koili ili shoti isizichape.

Breka iliyo nyuma ya riakta

Hili linashangaza hata wazoefu. Umepunguza mkondo, kwa hiyo breka inapaswa kupumua. Mkondo ndio, lakini volteji inayorudi kati ya kontakti zake mara baada ya kukata inapanda kwa kasi zaidi, kwa sababu koili ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ndogo sana. Milihenri 0.74 na pikofaradi 500 zinatikisika kwa karibu kilohezi 260. Breka inaweza kukata mkondo halafu cheche ikawaka upya kabla nafasi haijapoa.

Dawa ni kapasitansi kati ya breka na riakta. Nanofaradi 50 zinashusha mtikisiko huo mpaka karibu kilohezi 26, mara kumi polepole. Wakati mwingine unayo tayari bila kujua: kebo ya XLPE (yenye insulesheni ya plastiki) ya milimita za mraba 185 ya kilovolti 11 ina takriban mikrofaradi 0.3 kwa kilomita, hivyo mita 150 kutoka paneli mpaka riakta iliyo nje zinakupa kiasi hicho. Riakta ikiwekwa ukutani, mita 5 kutoka kwenye breka, hunayo. Mpelekee mtengenezaji wa breka indaktansi, urefu wa kebo na mkondo wa shoti, akujibu kwa maandishi kama inatosha au ufunge kapasita kwenda ethi kwenye kila fezi.

Kupima kabla ya kuwasha

Pima ukinzani wa kila koili kwa kipima mikroomu na ulinganishe na cheti cha kiwandani baada ya kurekebisha joto. Kisha pima riaktansi: pitisha ampea 50 za hezi 50 kwenye koili moja kutoka kwenye chanzo cha volti chache. Koili ya omu 0.232 itasoma volti 11.6. Rudia kwa kila moja, ukijua kwamba ukipitisha fezi tatu kwa pamoja kwenye mnara namba zitatofautiana kidogo kwa sababu koili huathiriana. Megger (kipima insulesheni) ya kilovolti 5 kati ya koili na ardhi hupima vikombe tu. Haioni kabisa mizunguko iliyoshikana ndani ya koili. Wapo wanaosaini riakta kuwa nzima kwa megger pekee.

Baada ya kuwasha, subiri saa nne za mzigo halisi na upite na kamera ya joto. Usiangalie koili peke yake: elekeza kwenye msingi, bolti, uzio, geti, mabano ya kebo, hata mfuniko wa chuma wa mtaro. Chochote kisichobeba mkondo lakini kina joto kuliko hewa, hicho ndicho pete uliyoisahau.

Matunzo kwa majira ya huku

Kuanzia Mei mpaka Novemba upepo wa Dodoma hujaza vumbi jekundu kwenye nafasi za kupozea kati ya matabaka ya koili. Vumbi kavu halina madhara makubwa ya umeme, ila linaziba hewa. Balaa ni mvua ya kwanza, mara nyingi Desemba: vumbi lililolowa linapitisha umeme juu ya uso wa koili na kuacha mistari myeusi kama mizizi. Kwa hiyo usafi mkubwa ufanyike Novemba, laini ikiwa imezimwa, pemiti imesainiwa na ethi ya muda imefungwa pande zote mbili za riakta. Pulizia hewa kavu ya shinikizo dogo kutoka chini kwenda juu, kisha futa uso kwa kitambaa. Usipige maji ya shinikizo.

Kagua nyuki. Singida na Dodoma ni nchi ya asali, na nafasi za koili, zenye kivuli na joto la wastani, ni mzinga mzuri. Ukiwakuta, ita mfugaji nyuki jioni, laini ikiwa imezimwa; moshi na petroli karibu na insulesheni ya resini ni ajali ya pili. Wavu wa juu ukiwa umechanika, ubadilishe siku hiyohiyo.

Mistari myeusi mifupi inaweza kusafishwa na kupakwa upya. Sehemu iliyobadilika rangi kuwa kahawia, iliyovimba, au inayonukia resini iliyoungua haina matibabu ya kiwanjani: mizunguko imeanza kushikana. Rilei ya mkondo wa ziada haitaona, kwa sababu mkondo wa laini haubadiliki sana, ila koili yaweza kuwaka moto ndani ya muda mfupi. Izime, ihamishie fida kwenye njia nyingine, na uagize koili moja yenye alama ya nafasi ileile.